Mkamwana Aliyewekwa Ndani ya Kompyuta

Siku ya soko Tusajigwe alifuta meza kwa pindo la kitenge, akachomeka flashi ya Jeni kwenye kompyuta, na kabla ya kuifungua akafungua kwanza kompyuta nyingine iliyokuwa ndani ya ile.

Hiyo ya ndani aliitengeneza mwenyewe. Mafundi huiita mashine pepe. Ni kompyuta kamili yenye kioo chake, mafaili yake na saa yake, nayo hukaa ndani ya kompyuta ya kweli kama chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa. Kitu chochote cha kutiliwa shaka alikifungulia humo. Kikiwa na virusi, virusi hula vya humo na kufia humo. Akimaliza anabonyeza kitufe, na mashine inarudi kama ilivyokuwa siku alipoiwekea alama, bila kukumbuka lolote.

Jeni, mfinyanzi wa Kikisi kutoka Ikombe, alikuwa amekaa juu ya ndoo akimtazama. Flashi yake ilikuwa na picha za vyungu alizokuwa akiwatumia wanunuzi wa Mbeya, pamoja na mafaili ambayo hakujua yalikotoka.

"Kwa hiyo unaichafua, halafu inasahau?" aliuliza.

"Inasahau kabisa."

"Ningepata mume wa hivyo," alisema Jeni, "leo ningekuwa mnene."

Walikuwa chumbani. Nyumba ya Tusajigwe na mumewe Lutengano, pale Bondeni mjini Kyela, ilikuwa ya chumba na sebule. Mlango wa chumba ulifungukia sebuleni, wa sebule ukafungukia uani, na choo kilikuwa uani. Wateja walikuja kwenye dirisha la chumba, lililotazama uchochoro, isipokuwa Jeni, ambaye hakupenda kuongea na mtu akiwa amesimama. Kompyuta ilifungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda kwa sababu ya wezi. Tusajigwe ndiye aliyeufunga mnyororo huo, kisha ufunguo ukapotea, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuihamisha kompyuta, hakuna aliyeutafuta.

Masika yale mto uliingia nyumbani kwa baba yake Lutengano huko Bujonde, ukatoka na nyumba. Mzee alifika Bondeni na godoro, redio na kuku jike mmoja. Jina lake bado halitatajwa hapa, kwa sababu mkamwana wake hakulitaja.

Mkamwana na baba mkwe hawaonani. Kwa Kinyakyusa huko ni kutila, na anayetila hamtazami mkwewe, hapiti mbele yake, wala hatamki jina lake. Zamani haikuwa shida. Vijana waliooa walijenga kijiji chao mbali na kijiji cha baba zao, na kila mtu alikuwa na njia yake ya kwenda kisimani. Bondeni hapakuwa na nafasi ya kujenga kijiji. Kwa hiyo mzee alikohoa kabla ya kuinuka, na Tusajigwe aligonga mwiko kwenye sufuria kabla ya kutoka. Akisikia sufuria, mzee aligeukia ukutani. Akisikia kikohozi, Tusajigwe alikimbilia chumbani. Waliishi hivyo kwa adabu, na hakuna aliyemlalamikia mwenzake.

Kisha mzee aliteleza kwenye tope la uani akavunjika mguu. Walimfunga plasta, wakamlaza sebuleni, wakamkataza kusogea. Kuanzia hapo hapakuwa na kikohozi wala sufuria iliyofaa, maana njia ya kwenda uani ilipita miguuni pake mchana kutwa. Tusajigwe alikaa chumbani na ndoo.

Lutengano alikuwa mpimaji wa kakao ghalani, mtu mpole asiyependa kelele. Jioni moja aliitazama ndoo, akamtazama mkewe.

"Tusa, si una kile chumba chako?"

"Kipi?"

"Cha humo ndani ya kompyuta. Wewe mwenyewe husema kinachowekwa humo hakimdhuru aliye nje."

"Kwa hiyo mimi namdhuru mzee?"

"Si wewe. Kuonekana kwako."

Tusajigwe aliifikiria ndoo. "Mpaka mguu upone," alisema.

"Mpaka mguu upone."

Chuoni Mbeya alifundishwa kwamba kitu hakiingizwi mle kabla ya kuweka alama ya kurudia, na tangu ahitimu hakuwahi kuiruka hatua hiyo. Aliiweka, ijikamilishe mara tu atakapokuwa ndani. Alimfundisha Lutengano kuitumia, na kwa usalama akasajili kidole cha shahada cha mumewe, ili alama isirudiwe wala kufutwa na mtu mwingine. Kisha alijifunga kitenge vizuri, akapanda kwenye kiti, akaingia kwa kutanguliza kichwa, kama mtu anavyoingia kwenye jiko la mlango mfupi. Lutengano alimshika vifundo vya miguu asije akaangusha glasi ya maji iliyokuwa mezani.

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya plastiki mpya. Palikuwa na kile kilima cha picha inayopamba kioo, cha majani mabichi ambayo hayakuliwa na ng'ombe yeyote, pipa la takataka kwenye kona, na saa chini upande wa kulia. Kupitia kijicho cha kamera aliona kitanda, chandarua na dirisha. Chakula kilipitia kwenye folda ya pamoja, ambayo kinachowekwa upande mmoja huonekana upande wa pili. Lutengano aliweka sahani, yeye akaikuta. Wali ulifika. Harufu yake ilibaki nje.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kwenda ghalani, Lutengano aliweka nenosiri kwenye mlango wa kutokea, mteja asije akaufungua kwa bahati mbaya. Alitumia jina la baba yake. Hakuona sababu ya kulificha. Ni neno ambalo mtu yeyote wa Kyela angeweza kulisema isipokuwa mmoja.

Kazi iliendelea.

"Fundi yupo?" mteja aliuliza dirishani.

"Niko ndani."

"Naona chumbani hupo."

"Ndani ya kompyuta."

"Haya. Simu yangu inajizima."

Virusi vya mle vilifanana na siafu. Vilitoka kwenye mafaili ya watu kwa mistari, naye alivifagia akavitia kwenye pipa. Siku moja vilimzidi, vikamng'ata mpaka akapata homa na kuanza kuweweseka. Lutengano aliweka kidole, na papo hapo mkewe akawa mzima, amejifunga kitenge chake vizuri, anauliza kama glasi ya maji imeanguka. Lutengano alifurahi. Hakuwa amewahi kuona dawa inayofanya kazi haraka hivyo.

Mzee naye alitulia. Alisema hajawahi kusikia mkamwana mwenye heshima kama yule. Wazee wa kanisa walipokuja kumjulia hali walielezwa kwamba mke wa Lutengano anaishi ndani ya kompyuta, wakasema ni vizuri, kuna ambao wake zao hawapatikani hata jikoni. Kisha wakaomba.

Asubuhi moja Tusajigwe aliamka akijua kwamba ameingia jana.

Aliitazama saa. Yeye aliingia mvua zikinyesha, lakini tarehe ya pale ilikuwa ya Julai. Hakushtuka. Mashine pepe ikirudishwa nyuma husahau kila kitu isipokuwa saa, kwa kuwa saa huiuliza kompyuta ya nje, na ya nje haisahau. Alichungulia kwenye kijicho cha kamera. Magunia ya mpunga mpya yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa dirisha. Akasikia sebuleni mtu anainuka, anatembea kwa miguu miwili hadi uani, na kuku anamfuata nyuma. Hakukohoa.

Jeni alipofika alipita moja kwa moja mpaka chumbani, akatua kapu lake la vyungu, akakaa juu ya gunia.

"Ugonile, Tusa."

"Ndaga, Jeni."

"Pole na msiba."

"Msiba gani?"

Jeni alifungua upya kanga yake na kuikaza kiunoni. "Leo tena," alisema. "Haya. Mama yako, Tusa. Tumemzika Katumba Songwe mvua zilipokuwa zinaisha. Alilala na kifua, hakuamka. Hakuteseka. Kanisa lilijaa, na kwaya iliimba mpaka mwimbaji mmoja akazimia, lakini huyo huzimia kila mahali."

Tusajigwe alilia. Feni ya kompyuta ilizunguka kwa nguvu, na kioo kikapata ukungu kwa ndani. Jeni alisubiri kama mtu anayejua kilio kina urefu gani. Alitoa ndizi kwenye kapu, akaimenya, akaila, akakunja ganda.

"Kila soko nakupa pole hii," alisema, "na kila soko unaipokea kama mpya. Nimemlilia mama yako kuliko nilivyomlilia wa kwangu. Sasa utaniuliza kama ulienda kuzika."

"Nilienda?"

"Hukwenda. Lutengano alikuletea habari mwenyewe. Ukasema nitoe. Akasema subiri, sebule imejaa wazee wanamwombea baba, mguu bado, jua likishuka tutaona. Ukangoja. Jua likashuka, wazee wakaongeza wimbo. Basi ukalisema lile jina aliloliweka mlangoni."

"Lipi?"

"Mimi naweza kulitaja, si mkwe wangu. Lakini ukisikia kwangu leo watasema nimekufundisha. Unalijua."

Alilijua.

"Mlango ukafunguka," Jeni aliendelea. "Ukatoka kichwa wazi, ukapita mbele ya mzee na wageni wake wote. Mzee akajifunika blanketi mpaka usoni. Hakula kwa siku nyingi. Nje ukapata bodaboda, mkaondoka, mkaiacha lami. Yule dereva anasema pikipiki ikawa nyepesi ghafla. Alirudi hapa kuuliza kama abiria wake ameanguka. Lutengano akamwambia hapana, amesharudi nyumbani."

Tusajigwe aliuangalia mnyororo, akaangalia mahali ambapo kidole cha mumewe huwekwa. Vyote viwili alivifunga yeye, na alivifunga vizuri.

"Na wewe," alimwambia Jeni, "hukujaribu?"

"Nimejaribu. Nimelitaja jina mimi, mlango umefunguka, umetoka mpaka hapa nilipokaa. Tumekula mihogo. Kisha ukasema mwenyewe, huku mdomo umejaa, kwamba alama isipofutwa Lutengano anaweza kukuvuta hata ukiwa Mwanza. Jioni yake akakuvuta. Mhogo ulibaki hapa chini."

Alichomeka flashi yake, maana ndiyo iliyomleta, akaenda sokoni kuuza vyungu.

Lutengano alirudi akinuka kakao iliyochachuka. Alikaa kitandani, akavua viatu, akaona uso wa mkewe kwenye kioo.

"Nani amekwambia?"

"Saa."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika. "Mama amezikwa vizuri," alisema. "Nilikwenda. Nilitupa udongo kwa niaba yako."

"Udongo hautupwi kwa niaba, Lutengano."

"Niliutupa hivyo hivyo."

"Kwa nini unanirudisha?"

"Unaumia. Nikikurudisha unakuwa mzima, unaniuliza kama glasi imeanguka. Unacheka, Tusa. Mimi ningempata mtu wa kunirudisha mpaka kabla mto haujaingia, ningempa mkono wangu wote, si kidole tu."

Alisema kweli. Macho yake yalikuwa mekundu, na siyo kwa vumbi la ghalani.

"Mguu wa mzee umepona," alisema Tusajigwe.

"Umepona."

"Tulisema mpaka mguu upone."

"Tulisema. Lakini limeingia hili la jina." Lutengano alishusha sauti, ingawa ukuta wa nyumba ile haukuwahi kuzuia sauti yoyote. "Ulimtaja mbele za watu. Mzee hawezi kukaa nyumba moja na jambo hilo likiwa limelala tu hapo katikati. Omba radhi. Neno moja. Nitafuta alama, utatoka, nitajenga ukuta uani, kila mtu awe na njia yake. Nimeshapata na matofali."

Sebuleni redio ilizimwa. Mzee hakuweza kuongea na mkamwana wake, kwa hiyo aliongea na kuku.

"Kuku," alisema, "sisi wengine hatuna kinyongo. Tumepoteza nyumba, tumepoteza shamba, tumevunjika mguu, bado tunasema asante kwa kila chakula. Mwambie huyo aliye ndani kwamba neno lenyewe si kubwa. Aseme, sote tulale."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya. Katika miaka yote hakuwahi kumtendea Tusajigwe ubaya wowote. Alikuwa amemkwepa kwa uaminifu, na hata sasa, peke yake na kuku, alikuwa ameugeukia ukuta.

Tusajigwe alijaribu kukumbuka siku ile na hakukumbuka. Alimtafuta mama yake akamkuta yu hai, jikoni Katumba Songwe, anapepeta mchele na kumsema jirani, kwa sababu kwa kumbukumbu zake yeye waliagana juzijuzi. Kisha alilijaribu lile jina kimoyomoyo. Lilimjia bila kukwama, kama njia ambayo mtu amekwisha kuipita mara nyingi gizani.

"Nikiomba radhi," aliuliza, "naomba kwa kosa gani? La kutaka kumzika mama?"

"Si la mama. La jina tu."

"Jina lilikuwa mlangoni. Nani aliliweka pale?"

Lutengano alivisogeza viatu vyake chini ya kitanda.

"Uliliweka ukijua siwezi kulisema. Ungeweka namba, ungeweka jina la timu yako ya mpira. Ulitafuta kitu kinachofungwa na adabu yangu, ukakipata, ukaenda kazini."

"Tusa."

"Anyitike," alisema Tusajigwe.

Mlango ulifunguka. Harufu ya mpunga mpya iliingia mle ndani kwa mara ya kwanza. Sebuleni blanketi lilivutwa kwa haraka, na kuku akaruka kutoka mahali alipokuwa ametulia.

Tusajigwe hakutoka. Alisimama kwenye kizingiti, mkono mmoja kwenye fremu ya kioo, akimtazama mumewe ambaye tayari alikuwa amenyoosha kidole. Kukimbia kungemfikisha tu mahali pengine pa kuvutwa.

"Unajua nikiweka utasahau hata haya," alisema Lutengano.

"Najua. Nilikitengeneza mimi."

"Utasahau kwamba mama yako amekufa."

"Jeni atanipa pole."

"Basi omba radhi, tuyamalize. Mbele za Mungu, Tusa, unanichosha."

"Mwite na mzee asikie vizuri."

"Anasikia."

"Siombi."

Lutengano aliweka kidole taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Tusajigwe akawa mle ndani, kitenge amejifunga vizuri, anauliza kama glasi ya maji imeanguka. Alimwambia haijaanguka. Alimwekea wali kwenye folda, akaenda sebuleni kumtoa baba yake kwenye blanketi.

Siku ya soko iliyofuata Jeni aliingia, akatua kapu, akakaa juu ya gunia. Magunia yalikuwa yamepungua, na uani kulikuwa na matofali yaliyopangwa ambayo hayakuwa yamejengewa kitu. Kuku alikuwa ametaga juu yake.

"Ugonile, Tusa."

"Ndaga, Jeni. Hii saa yangu ina matatizo. Inasema ni Agosti."

"Haina matatizo," alisema Jeni, akaikaza kanga yake. "Pole na msiba."

Alimweleza yote kwa mpangilio ule ule, kifua, kwaya, bodaboda, mpaka akaongeza na lililotokea baada ya soko lililopita, ambalo alilisikia uchochoroni, kwa kuwa Bondeni nzima ililisikia. Tusajigwe alilia. Feni ilizunguka. Jeni alimenya ndizi.

Kilio kilipofika mwisho wake, Tusajigwe alijifuta uso kwa kitenge.

"Na mimi nikasema nini?"

"Ulisema huombi."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Alifikiri kidogo. Kisha alimwambia Jeni achomeke flashi, akayafungua mafaili yake moja baada ya jingine, akawafagia siafu na kuwatia kwenye pipa, akamrudishia picha za vyungu zikiwa safi. Jeni alimwachia chungu kidogo kwenye folda ya pamoja, akaenda zake.

Jioni Lutengano alirudi kutoka ghalani. Sebuleni mzee aliposikia hatua za mwanawe alizima redio, akaugeukia ukuta. Lutengano aliingia chumbani, na hata kabla hajavua kiatu cha kwanza akamkuta mkewe amesimama karibu kabisa na kioo.

"Sikumbuki nilichosema," alimwambia, kwa sauti ya kufika sebuleni. "Sikumbuki nilikisema wapi wala mbele ya nani. Siombi radhi."